Nanaa Niliyoitia Dawa

Ipo siku moja ya rabii, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka viganja vyangu hutoka jasho mpaka leo, na mimi sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, na wewe mmoja wao. Nimeisimulia mara chache sana. Lakini juzi nilikusikia ukimwambia mwenzako kwenye simu, "Usimwambie mama, atagomba tu," na tangu hapo sijatulia. Basi kaa hapa karibu, nikwambie.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimeolewa katika mji wa Ibra, mwaka wa tatu huo. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Maskati nikiwa mtoto wa skuli, na mambo ya bustani nilikuwa siyajui. Kwetu Ruwi, huko huko Maskati, tulikaa ghorofani, na mmea wetu ulikuwa mmoja, umepandwa ndani ya kopo la maziwa. Mume wangu, Nassor, alikuwa akifanya kazi Sur na akirudi nyumbani mwisho wa wiki. Siku nyingine zote tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, mimi na mama yake, Bi Salma.

Bi Salma naye alitoka Unguja, lakini yeye alikuja mtu mzima, na nyuma ya nyumba alitengeneza bustani ambayo watu walikuwa wakija kuiangalia. Alikuwa na mlimau, mkomamanga, mforsadi uliozaa mpaka ukuta wa jirani ukawa mwekundu, na mawaridi mstari mzima. Karibu na mlango wa jiko palikuwa na tuta la nanaa na mrehani. Alikuwa mpole, si msemaji sana, lakini katika bustani ile alikuwa na amri moja ambayo aliniambia wiki ya kwanza tu nilipoingia: "Bustani hii inaliwa. Dawa isiingie." Sababu hakuniambia, na mimi sikuuliza. Nilimwogopa kidogo, kama bi harusi anavyomwogopa mkwe, hata asipotendewa ubaya.

Wakati wa rabii, baridi imeondoka na joto halijaingia, wanawake wa kwetu walikuwa na mtindo wa kutembeleana mabustanini. Leo kwa fulani, wiki ijayo kwa mwengine, na kila mmoja anataka ya kwake isifiwe. Mwaka ule ilipangwa kwamba sisi tutakwenda Fanja na Nizwa, kisha wiki ya pili wenyeji wetu waje Ibra. Bi Salma alikuwa na mafua mazito, hasikii harufu ya kitu, akasema yeye hatoki, niende mimi. Bustani ya kuwapokea wageni aliniachia niitazame. Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia.

Siku mbili kabla ya safari nikaona vijidudu vya kijani vimejaa kwenye vitumba vya mawaridi, na chini ya majani ya nanaa pia. Nilivipukusa kwa maji, vikarudi. Nikaogopa. Katika fikra zangu nikawaona wageni wamesimama mbele ya mawaridi yaliyojikunja, wanatazamana. Siku ya pili nikaenda shambani kwa shemeji yangu, nikamwomba msimamizi anipe dawa ya wadudu. Aliniuliza ya kutia wapi. Nikamwambia mawaridi. Akanimiminia kidogo katika chupa tupu ya sharubati, akanionya.

"Hii ni ya mitende," alisema. "Kifuniko kimoja katika ndoo nzima. Na kitu cha kuliwa ukikitia, kisiguswe wiki tatu."

Nilimwitikia. Alasiri, Bi Salma alipokwenda kwa jirani yetu Bi Moza, nikatia vifuniko vitatu katika chupa ya kupulizia, si ndoo, chupa tu, kwa sababu nilitaka vife upesi. Nikapuliza mawaridi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshainama pale, na wale wadudu nawaona, nikapuliza na nanaa. Nilijiambia nitamwambia Mama akirudi. Aliporudi alikuwa anapiga chafya, macho mekundu, nikasema nisimsumbue, nitamwambia alfajiri. Alfajiri gari ilikuja mapema, na yeye alikuwa kwenye mkeka anasali. Nikasimama mlangoni na kibeti changu mkononi. Honi ikalia. Nikatoka.

Gari iliendeshwa na wifi yangu Nasra, dada yake Nassor. Mbele alikaa Bi Shamsa, shangazi yao, mtu mzima mwenye maneno machache na jicho kali. Mimi nilikaa nyuma na vikapu vya halua na forsadi tulizochukua za kuwapelekea watu. Tulikwenda kitambo hivi, wao wanazungumza, mimi nacheka wanapocheka. Tulipofika katikati ya milima, Nasra akasema, "Hivi punde Mama ataingia bustanini kuchuma nanaa ya chai."

Mwanangu, nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya barafu mgongoni. Bi Salma alikuwa akinywa chai ya nanaa kila siku saa nne, na siku ile Bi Moza alikuwa aje kunywa naye. Nilikuwa nikilijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Sijui vipi halikunijia jana yake. Nadhani lilinijia, nikalisukuma.

Nikaanza kujihesabia. Ataiosha, yeye huosha kila kitu. Harufu itamshtua. Kisha nikakumbuka kuwa ana mafua. Labda leo atatia zaatari. Labda Bi Moza hatakuja. Kila sababu niliyoipata ilinituliza kwa dakika moja, kisha nikaanza upya. Saa ya gari ilikuwa mbele ya Nasra, nami nikawa naichungulia katikati ya viti, kila mara Bi Shamsa anageuka kunitazama.

Fanja tulisimama kutia petroli. Palikuwa na simu ya barabarani pale, na wakati huo simu za mkononi tulikuwa hatuna. Nikasema nataka kupiga nyumbani, nadhani nimesahau jiko limewaka. Bi Shamsa akateremka kunyoosha miguu, akaja akasimama karibu yangu kabisa.

Bi Salma aliipokea simu mara ya pili tu ilipolia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika?"

"Tuko Fanja. Mama, umekwishakunywa chai?"

"Bado. Namngoja Bi Moza. Kuna nini?"

Niliitazama sura ya Bi Shamsa. Nikaona namna nitakavyolitamka neno lile mbele yake, nimetia dawa, na namna litakavyozunguka Fanja na Nizwa nzima kabla ya adhuhuri: mke wa Nassor, aliyeachiwa bustani mara moja. Nikasema, "Hakuna kitu. Nilifikiri nimesahau jiko."

"Jiko nimeliona limezimwa."

"Mama, hiyo nanaa leo usiichume."

"Kwa nini?"

"Ina wadudu."

Nikamsikia akicheka kidogo, na kikohozi ndani yake. "Wadudu nitawaosha. Nendeni kwa salama, wasalimie wote." Akaiweka simu.

Nimeirudia simu ile mara nyingi katika maisha yangu. Neno lilikuwa moja tu, na ulimi nilikuwa nao. Nilipewa nafasi kama mtu anavyopewa kikombe mkononi, na mimi nikakirudisha.

Bustani ya Fanja sikumbuki ilikuwaje. Nakumbuka watu wanaonyesha kwa vidole, nami nasema mashallah. Nilikuwa natazama saa ya kila mwanamke aliyevaa saa. Tulipotoka pale ilikuwa saa tatu na nusu. Njia nzima ya Nizwa nilikuwa nimebana kibeti kifuani. Nasra akaniuliza kama gari inanichafua moyo. Nikasema ndiyo. Akapunguza mwendo, na hilo likawa adhabu nyengine, kwa kuwa sasa tulikuwa tunakwenda polepole zaidi.

Nizwa tulipokewa na Bi Raya, rafiki wa zamani wa Bi Shamsa. Bustani yake ilikuwa ndani ya shamba, mfereji wa falaj unapita katikati, mikomamanga imechanua maua mekundu, na chini yake wametandika mikeka. Niliomba simu tangu mlangoni. Nikapiga nyumbani. Ikalia, ikalia, ikakatika. Nikapiga tena. Nikajiambia yumo bustanini, au yuko chooni, au amekwenda kwa Bi Moza. Nilirudi mkekani.

Bi Raya akaleta chai. Akaniwekea kikombe mbele yangu, na ndani yake, juu ya chai, limeelea jani la nanaa.

Sikuweza kukigusa. Nilikitazama, na machozi yakaanza kunitoka yenyewe, mbele ya wanawake wanane wasionijua. Bi Shamsa akakiondoa kikombe kile taratibu, akanishika mkono, akanipeleka pembeni ya mfereji.

"Tangu Fanja nakutazama," alisema. "Jiko halimlizi mtu. Sema."

Nikasema. Nilisema yote, chupa ya sharubati, vifuniko vitatu, simu. Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza. Alinyanyua buibui lake, akaenda mbio, mtu mzima yule, mpaka kwenye simu ya Bi Raya, akapiga nyumbani kwa Bi Moza.

Nilisimama nyuma yake. Nilisikia sauti ya Bi Moza ikisema kwamba alikwenda saa nne akakuta Bi Salma ametapika, anatoka jasho, anasema ni samaki wa jana. Akamlaza, akamwacha apumzike. Chai Bi Salma hakumngoja, alikuwa ameshainywa peke yake, vikombe viwili, kwa ajili ya mafua. Tena akampa Bi Moza fungu zima la nanaa ampelekee binti yake, ambaye alikuwa amejifungua siku sita nyuma.

"Fungu liko wapi?" Bi Shamsa aliuliza.

Bi Moza akasema liko juu ya meza ya jikoni, maji yameshawekwa motoni.

"Zima moto. Litupe, uoshe mikono. Kisha mchukue Salma spitali sasa hivi, waambie amekula dawa ya mitende. Usingoje mtu."

Hapo tena likabaki jina la dawa. Daktari atauliza, alisema Bi Shamsa, na katika chupa ya sharubati hakuna jina. Nilipiga mimi mwenyewe kwa shemeji yangu, nikamweleza mbele ya wanawake wote, akamtuma mtu kwa msimamizi akasome kwenye kopo, na jina likapelekwa spitali ya Ibra kabla sisi hatujaondoka Nizwa.

Safari ya kurudi ilikuwa zaidi ya masaa mawili. Nasra aliendesha bila kusema nami, na nilimwelewa, yule alikuwa mama yake. Bi Shamsa alikuwa akisoma uradi kwa sauti ya chini. Hatukusimama mahali. Niliahidi kila kitu ambacho mtu anaweza kuahidi akiwa na khofu. Kila gari iliyotupita kutoka upande wa Ibra niliitazama kama vile waliomo wana khabari yetu.

Tulimkuta Bi Salma kitandani, mpira wa maji mkononi, mate yanamtoka na mikono inamtetemeka. Alikuwa ananitazama, lakini alikuwa hanioni vizuri; macho yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alisema wamempa dawa ya kuondoa ile sumu mara tu walipopata jina, na kwamba anatarajia kheri. Kisha akasema, hakusema kwa ukali, ila kama mtu anayeeleza kazi yake, kwamba lau khabari ingaliwafikia masaa mawili kabla, asingalifika hali ile. Nilihesabu. Masaa mawili kabla ya hapo nilikuwa Fanja, simu mkononi.

Alikaa spitali siku nne. Siku ya tatu, Nassor akiwa amerudi kutoka Sur na ametoka kwenda kusali, tulibaki mimi na yeye. Nilikuwa nikimlisha uji. Akausogeza mkono wangu.

"Umekaa nami miaka mitatu," alisema. "Nimewahi kukupiga?"

"La, Mama."

"Kukutukana?"

"La."

"Kukusema kwa watu?"

"Hata siku moja."

"Basi uliogopa nini?"

Jibu lake, mwanangu, ninalitafuta mpaka leo. Nilisema tu, nilitaka bustani isifiwe. Akakitazama kile kijiko.

"Na mimi nina langu," akasema baadaye. "Nilikwambia dawa isiingie, nikaondoka. Kwetu shamba alikufa mbuzi aliyekuwa na watoto, kwa majani yaliyotiwa dawa, nami nilikuwa mtoto, nikamwona anavyohangaika. Sikupenda kulisema. Ningalikukalisha nikakueleza, ungalijua nakataza kwa lipi. Lakini, Rahma, siku nyengine ukikosea, njoo unambie hata kama nasali. Nitakata sala."

Mikono yake iliendelea kutetemeka mwezi mzima. Kila alipomwaga chai kidogo kwenye kisahani, mimi nilitoka nje.

Wageni walikuja hata hivyo. Walitaka kumwona mgonjwa zaidi kuliko bustani. Tuta la nanaa nilikuwa nimeling'oa lote, nikauchimba mchanga nikautoa, na mawaridi nimeyakata mpaka chini. Pale karibu na mlango wa jiko palikuwa shimo tu. Nasra, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema nami, aliniambia nitandike mkeka upande wa mbele, wasifike huko. Nikakataa. Niliwapeleka moja kwa moja mpaka kwenye shimo, nikawaambia ilikuwa nanaa, nimeitia dawa ya mitende, nikanyamaza, na Mama karibu afe. Uso ulikuwa unaniwaka moto. Walinitazama. Mmoja alitazama chini.

Huyo aliyetazama chini alikuwa mke wa mwalimu mmoja kutoka Al Kamil, amekuja na jamaa zake, nami nilikuwa simjui. Alinivuta ushungi kwa nyuma tulipokuwa tunaingia ndani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Simu yenu iko wapi?" Nikamwonyesha. Sikusimama kumsikiliza, lakini mlango ulikuwa wazi, nikamsikia anamwambia mtu wa kwao: ile kotimiri ya nyuma ya banda, isichumwe na mtu, nitakuja kukwelezeni kwa nini.

Basi, mwanangu, ninalotaka kukuachia ni hili. Utakosea. Mimi nilikosea, na Bi Salma, Mungu amrehemu, alikosea, naye aliishi nasi miaka mingi baada ya siku ile. Kosa likiwa limekutoka mkononi, mwambie yule litakayemfikia, siku hiyo hiyo, kwa maneno yake kamili. Usimwambie kuna wadudu na hali kuna sumu. Usingoje apone mafua, wala usingoje mkutane faragha, wala usiangalie nani amesimama karibu yako akisikiliza. Aibu itakuchoma uso, lakini utalala. Na ile khofu inayokwambia nyamaza, haikutakii kheri wewe wala mwenzako.

Na utakapokuwa wewe ndiye mkubwa wa nyumba, ukikataza jambo, eleza. Mtoto akija kwako anatetemeka, msikilize mpaka amalize kabla hujakunja uso, ili siku ya pili aje mbio zaidi. Mama yako akigomba, mwache agombe. Nenda kamwambie leo hilo mlilolificha kwenye simu; mimi sikuulizi ni nini.

Mwenyezi Mungu akufungulie kifua chako, akupe ulimi usiokwama penye haki, akuzungushie watu watakaokusikiliza bila ya kukuvunja. Akuepushe na madhara ya mikono yako mwenyewe, na unaowapenda awaweke salama kwa asubuhi zao zote.